Kamera ya shilingi 40: Mapenzi ya picha yanapogeuka kuwa kazi

Idi ikishapita na Mfungo Mosi ukaanza kukolea, harusi huku kwetu hufuatana wiki baada ya wiki mpaka mtu hajui aende ipi aache ipi. Na katika kila harusi yupo kijana mmoja mwenye begi jeusi mgongoni na kamera shingoni, ambaye hali pilau mpaka wageni wote wamalize. Huyo ni mpiga picha. Muulize babake kwamba mwanawe afanya kazi gani, na mara nyingi utajibiwa: "Bado yuwatafuta kazi, lakini yuwapenda sana mambo ya picha."

Jibu hilo limenisumbua kwa muda. Kijana ana wateja, analipwa, anakesha usiku kucha akichagua na kusafisha picha za watu, na huenda hata kodi ya nyumba ya wazazi ni yeye anayeisaidia, lakini nyumbani bado anahesabiwa kuwa hana kazi. Upande wa pili wako vijana ambao wamenunua kamera jana, leo wameandika katika kurasa zao kwamba ni wapiga picha wa harusi, na mteja angoja picha zake miezi mitatu akipigwa danadana. Mzazi anaona picha ni mchezo kwa sababu mwanawe alianza kwa kucheza. Na yule kijana wa pili anaona kamera ndiyo kazi, kwa sababu ndicho kitu alichokigharamia. Wote wawili hawajapaona pale mahali ambapo mapenzi ya picha hugeuka kuwa kazi, na hapo ndipo ninapotaka tupaangalie leo.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Marehemu Omar Said Bakor alizaliwa Lamu mwaka 1932, katika familia yenye asili ya Yemen. Hakusomea picha popote, alijifundisha mwenyewe. Alianza kwa kuwapiga watu picha mitaani, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akafungua Bakor Studio mle mle Lamu. Alipenda kukata na kuunga picha: sura ya mtu akaitia ndani ya ua, au akaizungushia mapambo mpaka picha ikawa kitu ambacho jicho halijapata kukiona. Alizifanya kwa mkasi, gundi na chumba cha giza, miaka mingi kabla ya kompyuta kufika kwetu. Alifariki mwaka 1993, na leo kazi zake zimo katika vitabu vya historia ya picha za Afrika.

Fikiria Lamu ya wakati huo. Mji mdogo, punda na madau, watu wanajuana wote. Mtu aliwezaje kula kwa picha? Studio za pwani kwa jumla ziliishi kwa mahitaji ya kawaida kabisa: picha ya kipande, picha ya pasipoti, picha ya harusi, picha ya kumtumia ndugu aliyeko Uarabuni ili aone watoto wamekuaje. Mombasa palikuwa na Parekh Studio, ambako kuanzia miaka ya 1940 watu walikwenda wamevaa nguo zao bora wakapigwa picha ambazo mpaka leo zimo katika makabati ya mama zetu, na muhuri wa studio nyuma. Yale mapambo ya Bakor yalikuwa mapenzi yake, lakini naamini mlango wa studio haukufunguliwa na maua. Ulifunguliwa na watu waliotaka picha ya pasipoti iliyo sawa, kwa siku waliyoahidiwa.

Najua msomaji mwengine ataniuliza habari ya taswira. Wanazuoni wamelizungumza kwa urefu na hawakuafikiana. Kuna wanaosema picha ya kamera ni kuzuia kivuli tu, kama kioo, na kuna wanaoikataza isipokuwa kwa dharura kama pasipoti. Mimi si mtu wa kutoa fatwa katika safu hii. Anayetaka na amuulize shehe wake. Mimi nazungumza na yule ambaye ameshaamua kuifanya kazi hii, na mzazi wake.

Mtu ambaye safari yake kutoka kwenye mchezo hadi kwenye kazi imehifadhiwa vizuri zaidi katika nchi zetu hizi ni Mohamed Amin, na inasikitisha kuona vijana wenye kamera leo wengi hawalijui hata jina lake. Alizaliwa Eastleigh, Nairobi, Agosti 1943, baba yake Mpunjabi mfanyakazi wa reli. Kazi ya baba ikaipeleka familia Dar es Salaam, na huko ndiko alikokulia. Akiwa bado mtoto wa shule alinunua Box Brownie ya mkono wa pili kwa shilingi 40. Asiyeijua kamera hiyo, ni kisanduku tu, kina lenzi ya kawaida na kitufe, hakina mengi ya kurekebisha. Kama jua limekosa, picha imekosa. Shuleni akajiunga na chama cha wapiga picha, na hapo akajifunza.

Kinachonivutia ni kilichofuata. Mashindano ya magari ya Safari siku hizo yalipita Dar es Salaam pia, si Kenya peke yake. Mohamed Amin akayapiga picha, na picha zake zikachapishwa huku yeye bado ni mwanafunzi. Wenzake pia walikuwa na kamera, na walipiga walichokipenda. Yeye alipiga kile ambacho mtu mwengine alikihitaji, akakifikisha kabla hakijachacha. Maana picha ya mashindano ya Jumapili, gazeti halina kazi nayo Alhamisi.

Mwaka 1963, hajafika hata miaka 21, akaanzisha kampuni yake mjini Dar es Salaam na kuiita Camerapix. Januari 1964 mapinduzi yakatokea Unguja, naye akavuka bahari akayapiga filamu. Aliendelea kwenda Zanzibar mpaka mwaka 1966 alipokamatwa na kuwekwa katika jela ya Kiinua Miguu kwa karibu mwezi mmoja. Alipotoka, makao yake yakawa Nairobi. Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi katikati ya mji, Mohamed Amin alifika muda mfupi baadaye na kamera yake. Filamu ile ilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni huko Uingereza mwaka huo. Mwaka 1978 kikatoka kitabu chake cha picha za hija, Pilgrimage to Mecca, kazi ambayo ilihitaji Muislamu mwenye ujuzi, kwa sababu asiye Muislamu haingii Makka hata awe hodari vipi.

Halafu Ethiopia. Oktoba 1984, pamoja na mwandishi wa BBC Michael Buerk, alikwenda Korem, kaskazini mwa nchi, akapiga filamu ya njaa. Tarehe 23 ya mwezi huo ikaonyeshwa Uingereza, kisha ikaenea katika mamia ya vituo vya televisheni duniani. Michango iliyofuata, pamoja na tamasha kubwa la Live Aid la Julai 1985, ilianzia kwenye picha hizo. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, ukakatika mkono wake wa kushoto, na mwenzake wa kurekodi sauti, John Mathai, akauawa. Mohamed Amin alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia. Alifariki Novemba 23, 1996, katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara na kuanguka baharini karibu na Ngazidja. Mungu amrehemu.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu watu wakimtaja huishia kwenye ushujaa. Ushujaa alikuwa nao. Lakini mashujaa wenye kamera walikuwa wengi na wengi wao walikufa maskini. Yeye aliweza kula kwa kazi yake kwa sababu alikuwa na akili ya duka. Safari moja aliitoa filamu ya televisheni, picha za magazeti, na baadaye kitabu. Alijua nani anataka nini na lini. Na hakutupa kitu: hifadhi ya Camerapix ina mamilioni ya picha, na mwanawe Salim Amin ameiendeleza kampuni mpaka leo. Picha aliyoipiga mwaka 1964 bado inaweza kumlisha mtu mwaka huu.

Haya, tumrudie kijana wetu wa Kisauni au Majengo, ambaye hakutumwa Korem na wala hatujamuombea vita. Ametumwa harusi ya Jumamosi. Je, kazi yake ina tofauti gani na ile aliyokuwa akiifanya pale baraza la Fort Jesus jioni, akiwapiga wenzake picha kwa furaha yake?

Tofauti ya kwanza ni kwamba harusi haingoji. Mwenye kupiga kwa mapenzi hupiga mara 50 akachagua moja, na akikosa zote hakuna anayejua. Lakini bwana harusi husema "nimekubali" mara moja. Kadhi hamwambii arudie kwa sababu mpiga picha alikuwa akibadilisha betri. Na angalia vitu vilivyo mbele ya kamera yetu huku pwani: kanzu nyeupe imekaa karibu na buibui jeusi, mlango wazi nyuma yao na jua la saa nane linamwaga mwanga barazani. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, itababaika. Itaifanya kanzu kuwa shuka jeupe lisilo na mikunjo wala kofia iliyofumwa, au itawafanya kina mama wote kuwa kivuli kimoja. Mtu wa mapenzi hulijua tatizo hili. Mtu wa kazi ameshalijaribu mara nyingi katika siku zisizo na mteja, mpaka vidole vinarekebisha bila yeye kufikiri. Ndiyo maana nasema miaka ya mchezo haikupotea, mzazi mwenzangu. Mwanao alipokuwa akipiga paka wa mtaani na madau ya Mkunguni, alikuwa akisoma.

Kisha kuna bahari. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na lenzi ikiwekwa katika kabati lenye giza miezi miwili, huota ukungu ndani kama utando wa buibui. Kuusafisha ni gharama, na mara nyingine lenzi haiponi. Mafundi wazoefu huweka vifaa katika debe la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Watu huvitupa. Msivitupe.

Lakini haya ni ya vifaa. Kubwa zaidi, na ambalo kwetu lina uzito kuliko mahali pengi, ni amana.

Usiku wa kupamba, kina mama huvua mabuibui yao mlangoni. Ndani hamna mwanamume. Nywele zimetengenezwa, dhahabu zimevaliwa, nguo ni zile ambazo ni za macho ya wanawake wenzao tu. Siku hizi familia nyingi huweka mtu mlangoni akusanye simu za wageni wote, au abandike karatasi juu ya jicho la kamera ya simu. Na katikati ya ukumbi huo ambao simu zote zimezuiwa, yupo mtu mmoja aliyeruhusiwa kuingia na kamera. Fikiria ni imani ya kiasi gani amepewa.

Kwa sababu hiyo mpiga picha wa kupamba ni mwanamke, na hapa kazi hii imewafungulia wasichana wetu mlango ambao wazazi wengi hawajauona. Msichana aliyekuwa akiwapiga dada zake picha kwa simu nyumbani, akajifunza taa na kamera kubwa, anapata kazi ambayo mwanamume hawezi kumnyang'anya. Familia itamwita yeye, na akiifanya vizuri, wageni 200 waliokuwa ukumbini ndio tangazo lake. Lakini picha moja tu ikivuja, hata kama aliyeivujisha ni ndugu yake aliyeazima kompyuta, jina lake limekwisha kutoka Lamu mpaka Vanga. Kwa hivyo anayeifanya kazi hii kwa dhati huwa na kadi ya kumbukumbu ya kupamba peke yake, haichanganyi na nyengine. Picha hazipeleki kwa kijana wa mtaa akazisafishe. Huzisafisha mwenyewe au mwanamke mwenzake anayemuamini. Kompyuta ina neno la siri, na haiachwi wazi sebuleni. Na hatumii picha hizo kujitangaza, hata akiambiwa "wewe weka tu, hakuna neno", mpaka bibi harusi mwenyewe amekubali kwa maandishi. Si mama yake, si shangazi.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya adabu tu. Hapana, ni ya sheria pia, na hapa ndipo mstari baina ya mchezo na kazi umechorwa waziwazi. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni habari zake binafsi. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha nje shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake. Ukiwapiga wanao picha siku ya Idi kwa albamu ya nyumbani, hakuna anayekuuliza. Siku utakapoanza kulipwa, au ukatumia picha hiyo kutangaza biashara yako, umetoka nyumbani. Sasa unahitaji ridhaa ya mwenye sura, na akiwa ni mtoto, ridhaa ya mzazi au mlezi wake.

Si maneno ya kutisha tu. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza klabu moja ya burudani Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Hesabu mwenyewe ni harusi ngapi hizo. Kwa madrasa zetu, ambazo kila maulidi hupiga picha za watoto wakisoma kasida na kuziweka mtandaoni siku hiyo hiyo, ni vizuri mwalimu alijue hili kabla ya kumwita mpiga picha.

Jambo jengine ambalo nimeona vijana wengi wanalielewa kinyume ni nani mwenye picha. Ukimuuliza mpiga picha, atakwambia: mimi nimebonyeza, ni yangu. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakubali kwamba mwenye kuitunga picha ndiye anayehesabiwa mtunzi wake. Lakini inaendelea kusema kwamba kazi ikiwa imeagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wawili hao wameafikiana vyengine. Maana yake ni hii: picha uliyoipiga kwa mapenzi yako, ya dau likiingia Shela magharibi, ni yako, na inalindwa kwa miaka 50. Picha ya harusi uliyoitwa na kulipwa, kama hamkuandikiana, ni ya aliyekuita. Haki ya kutajwa kuwa wewe ndiye uliyeipiga inabaki kwako, lakini haki ya kuiuza haiko. Hoteli ikikuagiza upige vyumba vyake na baadaye ikazitumia picha hizo miaka kumi katika matangazo, huna la kudai, ila kama mkataba ulisema ni mwaka mmoja. Ndiyo tofauti baina ya kulipwa mara moja na kuwa na hifadhi kama ya Camerapix.

Kwa hivyo andikeni. Karatasi moja inatosha, kwa Kiswahili, haihitaji wakili. Na zile picha zako mwenyewe ambazo unaona zina thamani, waweza kuzisajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kupitia mtandao. Haki unayo hata bila kusajili, lakini siku ya mzozo cheti hukupunguzia maneno.

Nije kwenye bei, kwa sababu hapa ndipo mapenzi huwaua vijana. Mtu anayependa jambo huona haya kulitoza. "Ah, ni jamaa, anilipe atakacho." Na jamaa hulipa atakacho kweli. Tufanye hesabu ya mfano. Umenunua kamera na lenzi kwa shilingi 120,000, na unatarajia vikutumikie miaka mitatu kabla ya kuchoka. Ukipata kazi 40 kwa mwaka, hizo ni kazi 120. Kila kazi basi imekula shilingi 1,000 ya kamera, kabla hujatia nauli, kadi, umeme, msaidizi wa kushika taa, na chakula. Kisha hesabu siku zako. Harusi ya siku moja huzaa siku mbili za kukaa mbele ya kompyuta, wakati mwengine tatu. Kijana anayetoza shilingi 5,000 akadhani amepata 5,000 kwa siku moja, kwa hakika amepata chini ya 4,000 kwa siku tatu au nne, na kamera ikifa hana ya kununulia nyengine. Wengi huacha hapo. Watu husema "aliichoka picha", kumbe ni hesabu iliyomshinda.

Sisemi jamaa wasisaidiwe. Saidia, lakini andika bei kamili kwanza halafu uandike punguzo chini yake, ili shangazi ajue amepewa nini. Na uchukue nusu kabla ya siku yenyewe. Fundi wa keki huchukua nusu, mpishi wa biriani huchukua nusu, mwenye viti na mahema huchukua yote. Ni mpiga picha peke yake anayeambiwa angoje mpaka fungate liishe.

Kwa mzazi ambaye bado ana shaka, nina neno moja. Usimuulize mwanao kamera yake ni ya bei gani. Muulize akuonyeshe mambo machache: kitabu cha wateja na tarehe alizowakabidhi kazi zao, mahali anapoweka nakala ya pili ya picha mbali na kompyuta yake, na pesa alizotenga za kamera ijayo. Akiwa navyo, mwambie babu yake kwamba mjukuu ana kazi. Akiwa hana, basi bado yuko katika kujifunza, na hilo nalo si dhambi, lakini asichukue harusi ya mtu peke yake. Amfuate fundi mzoefu mwaka mmoja, ashike taa, abebe begi, aone mtu mzima anavyomnyamazisha mjomba anayeingia mbele ya kamera bila kumvunjia heshima. Hilo la mjomba hakuna chuo kinachofundisha, na mimi mwenye diploma yangu nasema hivyo.

Na katika ile karatasi ya mapatano, pamoja na bei, siku ya kukabidhi na nani mwenye hakimiliki, kuna mstari ambao bado sijauona katika mikataba mingi na ningependa familia zetu ziudai: picha zitawekwa kwa muda gani. Kwa picha za nikaha za wanaume na za karamu, mpiga picha na aziweke miaka mingi awezavyo, maana familia hupoteza simu na kupoteza diski, na siku moja watarudi kumuuliza. Kwa picha za kupamba iwe kinyume chake. Iandikwe tarehe ambayo zitafutwa zote, kwenye kadi na kwenye kompyuta, baada ya bibi harusi kupewa zake mkononi, na siku hiyo ya kufuta awepo yeye au dada yake akitazama.